Fungu la Ng'ombe

Kwa miaka kumi na tisa Phanice alitenganisha mahindi mazuri na mabaya, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza amejuaje. Alikaa kwenye kigoda katika stoo ya Ndirangu, nyuma ya soko la Kitale, uteo mapajani, miguu ameinyoosha mbele kama mtu anayeota jua, na mikono ikaenda yenyewe. Punje nyeupe na ngumu zilibaki kwenye uteo. Zilizoingia ukijani kwenye kitovu, zilizosinyaa, zilizopata weusi kama wa moshi, zilizotobolewa na fukusi, alizirusha kando bila kuzitazama mara mbili. Akiingiwa na shaka, aliichukua punje akaiuma. Ikilia ka! imekauka. Ikilegea chini ya jino, gunia zima lilirudi kwenye turubai juani.

Wanunuzi walipokuja, Ndirangu aliwaleta mpaka mbele ya kigoda chake.

"Hii ndio mashine yangu," aliwaambia. "Na haikuli stima."

Punje zilizorushwa kando ziliitwa mbovu, na mbovu zilikuwa na wenyewe. Ilikuwa desturi ya stoo hiyo tangu siku za babake Ndirangu, aliyekuja Trans-Nzoia na jembe na mke: mchambuzi huenda nyumbani na mbovu zake. Hakuna aliyezitupa. Nyaruai, mwanamke wa kigoda cha pili, aliwapelekea nguruwe wake. Wengine waliwapa wapika pombe ya busaa. Phanice alizipeleka kwao Matulo, Bungoma, kila Jumamosi, kwa sababu huko kulikuwa na ng'ombe.

Ng'ombe huyo aliitwa Nekesa, kwa kuwa alinunuliwa wakati wa mavuno. Aliyemkama ni Pauline, binti yake Phanice, na maziwa yalikuwa ya Nasimiyu, mtoto wa Pauline, aliyekuwa na miezi kumi na minne. Nasimiyu alikuwa na macho makubwa na kicheko cha ghafla, na hakuwa anakua. Katika kitabu chake cha kliniki kulikuwa na mistari iliyopinda kwenda juu kama njia ya kupandia mlima, na nukta zake zilikuwa zimeiacha njia hiyo tangu alipotimiza miezi tisa. Zilitembea tambarare. Kilo saba na nusu, kilo saba na nusu, kilo saba na nusu.

"Muongezeeni maziwa," Sista Dinah wa kliniki alikuwa amesema, akampa mtoto na dawa ya minyoo. "Vikombe viwili viwe vitatu."

Maziwa hayaongezeki kwa kuambiwa. Phanice alirudi Kitale, akaacha kumgawia jirani mbovu zake, akampelekea Nekesa zote. Ng'ombe akanenepa, maziwa yakaongezeka. Na mahindi ya uji wa mtoto aliyachambua mara tatu: mara moja stoo, mara moja chumbani kwake alikopanga, na mara ya mwisho Matulo, kwenye jua, punje moja moja. Hakuna mtoto katika Bungoma nzima, aliwaza, aliyekula mahindi safi kama yale. Mwezi uliofuata nukta ilikuwa pale pale.

Mwaka huo mvua iliwakuta watu wakivuna. Mahindi yalikaa shambani yakanyeshewa, yakaletwa mjini yakiwa na joto ndani ya gunia, kama tumbo la mnyama. Ndipo mnunuzi mmoja aliyesagia shule unga akasema hatachukua tena kwa macho. Alimtuma msichana aitwaye Chepkorir, mwenye koti jeupe na sanduku la plastiki, aje kupima sumu ya ukungu.

Gunia la kwanza kupimwa lilikuwa la Phanice. Ndirangu mwenyewe ndiye aliyelichagua. Chepkorir alichota mahindi kidogo, akayasaga, akayatikisa ndani ya dawa, akatumbukiza kikaratasi, akakiingiza kwenye mashine iliyotoshana na redio ndogo.

"Nne," alisema. "Iko sawa. Mwisho ni kumi."

Ndirangu akapiga makofi. "Si nilikwambia? Mashine yako na mashine yangu zimesalimiana."

Chepkorir akachota tena, upande wa chini wa gunia. Akasaga, akatikisa, akangoja.

"Thelathini na moja."

"Ya gunia gani hiyo?" aliuliza Ndirangu.

"Hili hili."

Phanice aliinuka, uteo ukaanguka. "Hapana, mwanangu. Hilo gunia ni langu. Nimelichambua jana na juzi kwa mikono hii."

"Ngoja turudie, mama."

Walirudia. Mashine ikasema sita.

"Hata mashine inaonja busaa siku hizi," alisema Nyaruai, na watu wakacheka, lakini Phanice hakucheka.

"Haikosei," alisema Chepkorir. Hakuwa na kiburi. Aliongea polepole, kama mtu aliyezoea kutoaminiwa. "Sumu ndio haikai mahali pamoja. Punje mia zinaweza kuwa safi, moja ikabeba ya gunia zima. Na hiyo moja pengine ni nyeupe kama jino."

"Bila ukungu?"

"Ukungu unaweza kukauka ukapanguswa, mama. Sumu inabaki."

"Harufu yake ikoje?"

"Haina."

"Uchungu?"

"Huwezi kuuonja."

"Ukichemsha sana?"

"Haiishi kwa moto wa jikoni."

Phanice alitazama lile fungu lililokuwa kando ya kigoda chake, kisha mahindi meupe ndani ya gunia. "Sasa mimi hapa nimekuwa nikichambua nini?"

"Unasaidia sana," alisema Chepkorir haraka. "Sumu nyingi inakaa kwa hizi mbovu. Usingezitoa, gunia lingekuwa baya zaidi. Lakini si yote."

Unasaidia sana, lakini si yote. Phanice aliyabeba maneno hayo siku nzima kama mzigo usio na mahali pa kushika. Alirudi kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza mikono haikwenda yenyewe. Alichukua punje moja, nzuri, akaigeuza na kuigeuza. Ilikuwa kama kumtazama mtu wa nyumbani na kujiuliza jina lake nani. Akaiuma. Ka! Kisha akaitema kiganjani, akaona aibu, kwa sababu Nyaruai alikuwa anamtazama.

"Dada, kwa mwendo huo utakufa njaa," alisema Nyaruai.

"Mtoto wa Pauline hakui," alijibu Phanice, ingawa hakuwa ameulizwa.

Jumamosi alipofika Matulo alifunga unga wa uji wa Nasimiyu kwenye kitambaa, vikombe viwili hivi. Jumanne iliyofuata, Chepkorir alipokuja na sanduku lake, alimkuta Phanice amesimama mlangoni akikishika kitambaa kwa mikono miwili.

"Ni wa mjukuu," alisema. "Nipimie, mwanangu. Uniambie tu."

Chepkorir hakuwa na ruhusa ya kupima unga wa watu. Alitazama mlangoni, akatazama uso wa yule mama, akachukua kitambaa. Phanice alingoja, akihesabu milio ya mashine.

"Mbili," alisema Chepkorir, naye akatabasamu. "Nani amechambua haya?"

"Mimi."

"Basi hapa umefanya kazi, mama. Natamani wote wangekuwa hivi."

Phanice akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia, akajipangusa macho kwa kile kitambaa chenye unga, akawa na alama nyeupe shavuni. Chepkorir alikuwa anakunja vitu vyake.

"Na kando ya uji, mtoto anakula nini?"

"Maziwa. Sista amesema tuongeze, tumeongeza."

"Ya paketi?"

"Ya paketi tutayatoa wapi? Ya ng'ombe wetu."

"Na ng'ombe anakula nini?"

Kicheko kilikuwa bado usoni. "Nyasi. Mabua. Na hizi," alisema, akinyoosha kidole kwenye lile fungu kando ya kigoda.

Chepkorir aliacha kukunja. Alilitazama fungu hilo, na Phanice akaanza kuelewa, jinsi mtu anavyohisi maji yakiingia kwenye kiatu kabla hajatazama chini.

"Inapita?" aliuliza. "Kwa maziwa?"

"Kidogo inapita. Si yote. Inategemea amekula kiasi gani."

"Anakula zote."

"Mama..."

"Pima maziwa basi. Nitaleta kesho kutwa kwa chupa."

"Hii mashine inajua mahindi. Maziwa haijui."

"Kwa hivyo yana sumu ama hayana?"

"Sijui, mama."

"Na ndiyo inamzuia mtoto?"

"Kuna wanaosema inaweza. Lakini hata minyoo inaweza, hata ugonjwa mwingine. Siwezi kukudanganya."

"Niyaache maziwa?"

"Sista alisema nini?"

"Niongeze."

Msichana alifunga sanduku lake, akalifungua tena. Hatimaye Chepkorir alisema, "Acha mbovu kwanza. Ng'ombe akiacha kuzila, maziwa yanasafika kwa siku chache. Tuseme wiki. Halafu mrudishie mtoto maziwa yake."

Wiki hiyo Phanice alichambua akiwa kama mgonjwa. Kulikuwa na mafungu mawili, siku zote mafungu mawili, na yeye katikati. Kwa mkono wa kulia alikuwa amemkinga mtoto. Mkono wa kushoto je? Kila punje aliyoiogopa kwa ajili ya Nasimiyu alikuwa ameifunga kwenye gunia, akaibeba hadi Matulo, akaipitisha kwa ng'ombe. Halafu aliwaza: lakini Pauline pia alikunywa maziwa kama hayo, na Pauline akiingia nyumbani huinamisha kichwa mlangoni. Halafu aliwaza: lakini mwaka ule wa Pauline mvua haikunyesha wakati wa mavuno. Au ilinyesha? Hakukumbuka. Mawazo yalikuwa kama kuku waliotoroka bandani: ukimshika mmoja, wawili wametoka.

Jumamosi aliteremka Matulo mikono mitupu. Pauline alimpokea uani, mtoto kiunoni.

"Mulembe, mayi. Mbovu ziko wapi?"

"Hakuna tena mbovu. Na hayo maziwa, wiki hii mwachie ndama."

Alimweleza. Pauline alisikiliza mpaka mwisho, akimbadilisha mtoto upande.

"Mama, sista alisema maziwa. Sasa wewe unasema maziwa ndio mbaya."

"Sijasema ni mabaya. Nimesema sijui."

"Na mimi nilikunywa nini nikiwa mdogo?"

"Hayo hayo."

"Na niko hivi."

"Pengine ungekuwa mrefu zaidi."

"Niwe mrefu niende wapi? Tungebomoa paa." Lakini alipomaliza kucheka alimkumbatia mtoto kwa nguvu, na mtoto akalia.

Ghalani kulikuwa na magunia manne ya mbovu, akiba ya kiangazi. Phanice alikaa mbele yake muda mrefu. Angeweza kumpa Makokha, mzee wa boma la pili aliyefuga kuku. Lakini kuku hutaga, na mayai huliwa. Angeweza kumwuzia mama wa busaa kule Bokoli. Lakini busaa nayo hunywewa. Angeweza kuyapeleka sokoni Misikhu, ambako hakuna ambaye angeuliza. Na huko angenunua mwanamke fulani, mwenye mjukuu. Kila mlango aliowaza kuufungua, nyuma yake kulikuwa na mdomo.

Akachukua jembe, akaanza kuchimba nyuma ya migomba. Hakuwa amefika magotini Makokha alipotokea kwenye ua, kofia mkononi.

"Mama Pauline. Pole sana. Nani ametuacha?"

"Hakuna, baba."

"Na hiri kaburi?"

"Ni la mahindi."

Makokha alicheka, kisha akaona yale magunia, akaacha. "Ati mahindi? Unga imepanda hivi, kuku zangu zinakura kokoto, na wewe unazika chakura?"

"Ina sumu, baba."

"Nionyeshe."

"Haionekani."

"Inanuka?"

"Hainuki."

"Ukionja?"

"Huwezi kuionja."

Makokha alivaa kofia yake. "Hata mimi niko na pesa ya aina hiyo," alisema. "Nyingi sana. Haionekani, hainuki." Akaenda zake akitikisa kichwa.

Phanice alimimina magunia shimoni, moja baada ya jingine. Alikuwa ameleta mafuta ya taa ili ayamwagie, asije mtu akayachimbua. Alishika chupa, akafungua kifuniko. Mama yake alimfundisha kuokota punje uani kwa ncha za vidole, moja moja, hata iliyoingia kwenye nyufa, na mtoto aliyekanyaga hindi alichapwa. Mkono ulikataa. Alifunga chupa, akafukia kwa udongo mtupu, akausawazisha kwa mgongo wa jembe.

Jumapili waliporudi kutoka kanisani shimo lilikuwa wazi. Kulikuwa na alama za jembe la mtu mwingine, na punje chache zilizosahauliwa, zimetapakaa kwenye udongo mweusi.

Wiki ile ya ndama ilikuwa ndefu. Pauline alipiga simu kila jioni: mtoto anamnyooshea ng'ombe mkono, mtoto anakataa uji mtupu. Phanice aliuliza pia hali ya ndama, na Pauline akashangaa. Siku ya nane Phanice akasema, haya, mpe. Jumamosi mbili baadaye alimkuta Nasimiyu ameketi mkekani akiwa na masharubu ya maziwa, na akaogopa kufurahi.

Jioni hiyo Makokha alikuja na mayai sita ndani ya kofia.

"Nimeretea mjukuu. Kuku zimetaga sana tangu..." Akasita.

"Tangu nini, baba?"

"Tangu Mungu anikumbuke."

"Mungu, ama shimo langu?"

Mzee alitazama chini, kisha mwenyewe akacheka. "Sasa mama. Mtu akizika si amemaliza? Wewe umezika. Mimi nimefufua."

Phanice alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Mzee huyu alikuwa mjane, mayai sita yalikuwa chakula chake cha siku tatu, na alikuwa ameyaleta kwa mtoto asiyekua. Kumrudishia kungekuwa kumtemea mate. Kumpa Nasimiyu... Chepkorir alisema nini kuhusu mayai? Hakuwa amesema. Alimpigia simu pale pale uani, na simu haikushikwa.

"Chemsha, Pauline," alisema hatimaye.

Yalipoiva alimenya la kwanza, akalitia chumvi, na kabla mtoto hajanyoosha mkono akalila yeye mwenyewe, lote, Makokha akimtazama. Mama yake hakuwahi kuonja yai maishani mwake. Kwa wanawake wa rika lake lilikuwa mwiko.

"Kumbe ni ya kukhu, si ya mjukuu," alisema Makokha, mdomo wazi.

"Ni matamu," alisema Phanice. "Asante, baba." Matano yaliyobaki aliyabeba Kitale, akayala moja kila siku, bila hamu, kama dozi.

Siku ya kliniki aliomba ruhusa kwa Ndirangu, akaenda pamoja na Pauline. Nasimiyu alivuliwa nguo, akatiwa kwenye mkoba wa mizani, akaning'inia akipiga mateke. Mshale ulitikisika, ukatulia.

"Saba na mia tisa," alisema Sista Dinah. "Eh! Huyu ameamka. Si niliwaambia? Maziwa."

"Tulimkatiza maziwa," alisema Phanice.

Sista akainua kichwa. "Mlimkatiza?"

"Wiki moja. Halafu tukamrudishia. Lakini ng'ombe tukamnyima mahindi. Yale mabovu. Kwa sababu uji ulikuwa mzuri, ulipimwa, ulikuwa mbili, sasa yule msichana akauliza ng'ombe..." Alijisikia akiongea kama mtu aliyeamshwa. Nyuma yake kinamama walikuwa wamepanga foleni na watoto uchi.

"Basi pengine ni ile dawa ya minyoo," alisema Sista Dinah kwa upole. "Ama ni wakati wake tu. Mama, mlifanya nini hasa? Nataka kuandika."

Phanice alifikiri. Alitaka sana kumjibu, kwa ajili ya hao kinamama wa nyuma, waliokuwa na ng'ombe nyumbani, na mafungu mawili, na desturi ya kutotupa.

"Ng'ombe hali mbovu," alisema. "Andika hilo. Na uandike kwamba hatujui."

Sista aliandika uzito peke yake, akaweka nukta, akamrudishia kitabu. Nukta hiyo ilikuwa juu ya zile nyingine kwa upana wa kucha, bado chini ya njia. Nje ya mlango, Pauline akimvalisha mtoto, Phanice alikifungua kitabu tena, akaigusa kwa kidole. Ingekuwa punje angeiuma.